Ndoyi wa Kompyuta ya Solange

Mlipokuja kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani, na hotuba ndefu iliyosema kwamba nilikuwa nguzo. Asanteni kwa keki. Lakini aliyesoma hotuba hakutaja hata kebo moja, na mimi nimekaa na kebo kuliko nilivyokaa na watu. Kwa hiyo nimeketi hapa nyumbani kwangu Mangobo, Kisangani, miguu juu ya kiti kingine, niwaandikie ninyi mliobaki kazini mambo yenyewe. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao sitautaja, maana wenyewe mara nyingi ulikuwa hautajiki.

Nilianza kwenye phonie. Ninyi wadogo hamkuijua: redio ya kuongea na watu wa mbali, kibanda cha mbao, betri ya gari chini ya meza, waya wa antena umefungwa juu ya mchikichi, na foleni ya watu wanaotaka kusikia habari za Isangi, za Buta, za Opala. Siku ya kwanza nilikuja na kitenge kipya na viatu vya kisigino. Papa Gaspard, mwenye kibanda, aliniangalia toka chini mpaka juu, akasema, "Binti, ile viatu iko ya kupanda nayo antena?" Nikavua viatu, nikapanda. Nilipochungulia chini, foleni nzima ilikuwa imeinua vichwa, na Papa Gaspard alikuwa anawafokea wanaume wageuke waangalie mto. Kesho yake nikaja na suruali chini ya kitenge, na hivyo ndivyo nilivyovaa mpaka mwisho wa kazi.

Yule mzee alikuwa mkali, lakini kila nilichokuja kukijua kazini mwanzo wake ulikuwa kwake. Kwenye phonie kila mtu anasikia kila kitu. Mtu wa Basoko akiachwa na mke, Buta nzima inampa pole. Masikio huwezi kuyazuia. Papa Gaspard alizuia midomo. Kila kituo kilikuwa na indicatif, yaani jina lake la kuitia, na asubuhi aliviita kimoja kimoja. Ukiita bila indicatif anayoijua, hakujibu, hata ulie. "Nasikia sauti," alikuwa anasema, "lakini sauti haiko mutu. Mutu iko na indicatif." Nilimwona ana roho ngumu. Halafu akaugua malaria, mwingine akashika kipaza sauti, mtu mpole, akawa anamjibu kila anayeita. Asubuhi yote hakuna kituo kilichoelewa neno. Nikaacha kumlalamikia Papa Gaspard.

Simu za mkononi zilipofika, phonie ikafa, nami nikahamia kwenye cyber, yaani duka la intaneti. Ukumbi wenye joto, jenereta inanguruma nyuma, sahani ya satelaiti juu ya bati. Mabinti walikuja wamejipaka poda kuongea na wachumba walioko Ulaya, na picha ikikwama uso wa mchumba ukiwa umekunjamana, mimi ndiye niliyelaumiwa, kana kwamba ni mimi niliyemzaa. Hapo nilijifunza kubana vichwa vya kebo kwa koleo mpaka vidole vikaota sugu. Nawaambia hivi: msiazime koleo lenu. Mume azimeni mkitaka, koleo hapana.

Halafu Wi-Fi ikaingia majumbani, na hapo ndipo kazi ilipobadilika. Mashine zilikuwa nzuri. Taabu ilikuwa watu. Nani kwetu Kisangani anajua kumnyima mtu code, yaani neno la siri la Wi-Fi? Shemeji amekuja kusalimia, umempa kiti, umempa maji, anatoa simu anauliza, "Na code?" Ukikataa, ni sawa na kula akikuangalia. Basi code inatoka, inapanda pikipiki, inazunguka mtaa. Nimebadilisha code asubuhi kwenye nyumba za watu, na mchana, saa ya kula pondu, kisamvu chetu, nikamsikia muuza mikate wa barabarani anaitamka vizuri kuliko mwenye nyumba.

Sasa niwasimulie kesi ya Solange, maana ndiyo ninayojivunia kuliko zote, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu.

Solange ni binti wa Papa Bolema, watu wa mto, wa Yanonge. Baba ni mvuvi aliyehamia Mangobo ili watoto wasome. Binti alisoma samaki: wanakula nini, wanazaa wapi, kwa nini wengine wanapungua. Alifika mpaka thèse ya udaktari. Ilibaki kuitetea mbele ya maprofesa, na maprofesa walikuwa mbali, ng'ambo, kwa hiyo ilikuwa ifanyike kwa video. Chuoni umeme ulikuwa wa kubahatisha wiki hizo. Nyumbani kulikuwa na kisanduku cha Wi-Fi chenye antena yake juu ya bati, na betri nzuri. Akaamua kutetea sebuleni.

Alijaribu mara ya kwanza, ikakatika katikati ya sentensi. Wakampa siku nyingine. Ikakatika tena, mbaya kuliko kwanza. Ndipo akaja kwangu kwa miguu, macho mekundu, akabaki amesimama hata nilipomwonyesha kiti.

"Mama Régine, bamenipa Ijumaa. Kama inakatika tena, njo mwisho. Basema mpaka mwaka inakuya, na mwaka inakuya nafasi yangu iko ya mutu mwingine."

"Utatetea Ijumaa," nikamwambia. Nilisema hivyo kabla sijaona hata kisanduku. Nina mdomo, mnanijua.

Nilipofika kwao nikaingia ndani ya kisanduku kwa kompyuta yangu, nikaangalia ni nani wanaotumia. Yesu wangu! Simu za mtaa mzima zilikuwa mle, zimejazana kama watu wa sokoni siku ya mvua. Nikatoka uani kumtafuta Papa Bolema. Code ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa jikoni.

"Papa Bolema, hii ni nini?"

"Iko code."

"Naona ni code. Kwa nini iko mlangoni?"

"Batu banauliza kila saa. Naandika, mi napumzika." Alikuwa anashona wavu, wala hakuinua kichwa. "Mama Régine, mutu anasalimia muzuri, anauliza code. Nimuambie nini? Nimuambie aende?"

"Ndiyo, Papa! Umwambie aende!"

"Ata bandugu?"

"Hasa bandugu."

Hapo akaweka wavu chini. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemwangalia yatima asiyefundishwa kitu nyumbani kwao. Nikaelewa kwamba kubadilisha code hakutanisaidia. Ningeibadilisha, naye angeigawa tena, kwa sababu ni mtu mwema.

Basi nikafanya kama Papa Gaspard. Kila kifaa kinachoshika Wi-Fi kina anwani yake iliyowekwa kiwandani, mstari wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo indicatif yake. Nikakiambia kisanduku: mpokee huyu mmoja wa Solange na huyu wangu wa kazi, wengine wote wakija, hata na code sahihi, usiwafungulie. Najua mnachotaka kusema, mmesoma: anwani inaweza kuigwa, mwizi mwenye akili anavaa anwani ya mwingine na kupita. Kweli kabisa. Kwa mwizi weka code ngumu na usilale. Lakini pale sikuwa napambana na mwizi, nilikuwa napambana na adabu. Na dawa ya adabu ni hii: mwenye nyumba anabaki mkarimu, anatoa code kwa mikono miwili, na kisanduku ndicho kinachokuwa na roho mbaya. Jambo moja tu mkumbuke, simu nyingi za siku hizi hujibadilishia anwani zenyewe. Zizimieni tabia hiyo kwanza, la sivyo mtamfungia mwenye nyumba nje ya nyumba yake.

Mtaa ukaanza kulalamika, nami nikafurahi. Nilikunywa chai yangu nikaenda zangu.

Alhamisi asubuhi nikarudi kufanya jaribio. Solange akakaa mbele ya kompyuta, mwenzangu mmoja akampigia video kutoka mjini. Akaanza kusema habari za samaki. Ikakatika. Ikarudi. Ikakatika.

Solange alifunga kompyuta taratibu, akaweka mikono juu yake. Mimi jasho lilinitoka, nawaambia ukweli, maana orodha ya kisanduku ilionyesha mashine yake na yangu tu, hakuna mwingine.

Halafu nikaona kitu. Kompyuta yake ilikuwa imefungwa, na bado kisanduku kinasema yumo ndani, tena anavuta kwa nguvu. Kompyuta ile ilikuwa imenunuliwa ikiwa imetumika, tundu lake la kebo limekufa, na Wi-Fi yake ya ndani nayo imekufa, kwa hiyo Solange alitumia clé, kile kijiti kidogo cha kuchomeka pembeni. Nikakichomoa. Nikakishika mkononi mwangu. Kisanduku kikasema: Solange yumo.

"Mama Régine," Solange akaninong'oneza, "sasa mi niko wapi?"

"Tutakuona sasa hivi," nikasema.

Njia ya kumtafuta mtu asiyeonekana kwenye mtandao ni rahisi, na hamtaikuta kwenye kitabu. Mkatie mtandao, halafu sikiliza nani analia. Nikaifuta ile anwani kwenye orodha, nikatoka uani, nikasimama kimya. Haikuchukua muda. Ng'ambo ya ukuta sauti nene ikapasuka:

"Aaah! Réseau imeenda wapi tena?"

Alikuwa Tonton Fidèle, jirani yao, mwalimu wa kwaya. Tulimkuta mbele ya kompyuta kubwa ya mezani, amevua shati, anashusha video za kwaya za nchi nzima apate nyimbo za sikukuu. Na pembeni ya kompyuta yake, mbele ya macho yangu, kilikuwa kimechomekwa kijiti sawasawa na cha Solange.

"Tonton, hii clé uliipata wapi?"

"Kwa Papa Kambale, pale sokoni. Kwani iko na maneno?"

Nikasoma anwani ya kijiti chake. Nikasoma ya Solange. Nikasoma tena, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilikuwa sawa, toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Jambo hilo halitakiwi kutokea. Mtu huko kiwandani alichoka kubuni anwani, akapiga mhuri mmoja kwa vyote.

"Solange," nikasema, "umekutana na ndoyi wako."

Msomaji wa mbali asiyejua, ndoyi ni mtu mwenye jina kama lako. Kwetu ndoyi hafukuzwi. Akija nyumbani mnakula sahani moja, na mtoto wake unamwita wako. Kisanduku, maskini, kilikuwa na malezi mazuri: kilisikia jina moja, kikawafungulia wote wawili, halafu wakawa wanasukumana kwenye kiti kimoja.

Tonton Fidèle aliposikia kwamba ni yeye aliyekuwa anamkata binti wa jirani, alishika kichwa. "Mi? Mimi njo namuua mutoto? Na mi naomba kwa ajili yake kila misa!" Akachomoa kijiti pale pale, akakitupa juu ya kitanda. Lakini mimi roho haikutulia. Kama viko viwili, vinaweza kuwa zaidi, na code ilikuwa imekaa kwa chaki mlangoni muda gani? Nikapanda pikipiki mpaka sokoni.

Papa Kambale alileta katoni nzima ya vijiti vile kutoka Butembo, na ni mfanyabiashara mwaminifu anayeuzia nusu ya mtaa wetu. Alipoona ninavyoshuka akaanza kujitetea kabla sijafika.

"Mama, clé yangu iko original!"

"Fungua hii. Na hii. Na ile."

Tulivichomeka kimoja kimoja kwenye kompyuta yangu juu ya meza yake, wateja wametuzunguka. Kila kimoja kikataja anwani ile ile. Papa Kambale akachukua kingine chini kabisa ya katoni, akanipa mwenyewe. Ile ile.

"Donc," akasema polepole, "nimeuzia avenue muzima mutu moja."

Wateja wakaangua kicheko, naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe. Mimi nilikuwa nimeshapanda pikipiki kurudi. Sasa nilijua ninachopigana nacho, na mkijua mnachopigana nacho kazi imebaki ndogo. Anwani ya kiwandani inaweza kubadilishwa ndani ya mipangilio ya kompyuta yenyewe. Ile hila ya mwizi niliyowatajia, nikaitumia kwa haki. Nikakipa kijiti cha Solange anwani mpya niliyoibuni mwenyewe, isiyo ya mtu mwingine mtaani. Nikaiandika kwenye kisanduku, ya zamani sikuirudisha, na ndoyi wake wote wakabaki nje. Mwenzangu akapiga tena video. Solange akasema habari za samaki mpaka mwenzangu akaomba apumzike.

Mngefikiri yameisha. Ijumaa asubuhi mtumbwi wa injini ukatia nanga na ukoo wa Yanonge: wajomba, mashangazi, samaki wa moshi, kwanga za mhogo, na simu. Walikuja kumsindikiza mtoto wao. Papa Bolema akasimama mlangoni kwa kitenge kipya, akawakaribisha, akawapa code. Aliwapa vizuri, kwa sauti, kila mmoja. Simu zote zikakataliwa. Akaja kwangu, uso umebadilika.

"Mama Régine, unanipa haya mbele ya bakubwa bangu. Fungua kidogo. Kidogo tu, batume picha kwa benzabo."

"Papa, kuna kidogo ya wote?"

"Iko bandugu yangu!"

Nilikuwa na hasira, nikamvuta mpaka dirishani. Ndani Solange alikuwa amekaa peke yake, amevaa gauni la kijani, midomo inacheza anajikumbusha maneno. "Nikifungua," nikasema, "yule ndiye anayelipa. Chagua, Papa. Mimi nitabonyeza unachosema."

Akamwangalia binti yake. Halafu akarudi kwa wageni wake, akainua mikono, akatangaza, "Bandugu, code iko ya kweli, nimeitoa na roho yangu yote. Njo kisanduku iko na kichwa nguvu. Na ule mama pale iko mubaya sana."

Ukoo mzima ukageuka kuniangalia. Niliinama kidogo, kama msanii jukwaani. Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Saa ikafika. Maprofesa wakatokea kwenye kioo, wamenyooka, sauti safi. Katikati umeme wa mtaa ukakatika, betri ikabeba, Solange hata hakujua. Aliongea. Aliulizwa, akajibu. Aliulizwa swali la ubishi, akabisha kwa adabu mpaka aliyeuliza akatabasamu. Nje, dirishani, ukoo ulibana pumzi bila kuelewa Kifaransa chote. Halafu, wakati mwenyekiti wa maprofesa anauliza swali la mwisho, picha ikaganda.

Nikaangalia kisanduku: safi. Nikaangalia orodha: Solange, mimi, basi. Picha ikarudi, na mwenyekiti, huko kwao ng'ambo, akasema ameona haya, anaomba radhi, mtandao wa huko kwao ni mbaya leo.

Solange akawatafsiria waliokuwa dirishani, bila kugeuza kichwa: "Basema réseau ya kwabo iko mubaya."

Kelele iliyotoka pale! Shangazi mmoja alipiga vigelegele mpaka nikaogopa kipaza sauti. "Ya kwabo! Ya kwabo njo mubaya!" Mimi, mwanamke mzima, niliruka.

Wakaenda kushauriana, wakarudi. Mwenyekiti akasimama, akasoma, na neno la kwanza ambalo kila mtu dirishani alilielewa lilikuwa docteur. Solange alifunika uso kwa mikono miwili. Papa Bolema alipita mlangoni, akapita kiti, akapita mimi, akamnyanyua binti yake kutoka chini kama alivyokuwa akimnyanyua kutoka mtumbwini.

Alipowekwa chini alinigeukia, anacheka analia. "Mama Régine, fungua. Fungulia bote."

Nikakiambia kisanduku kiache orodha, kimpokee kila mwenye code. Simu za uani zote zikaanza kulia kwa pamoja, ng'ambo ya ukuta Tonton Fidèle akapiga kelele ya furaha, na Papa Bolema akapiga video Yanonge, akanyoosha mkono ili watu wa kule bandarini wamwone mtoto wao. Tuliwasikia wakiuliza, "Iko nani? Iko nani ule?" "Docteur," akasema Papa Bolema. "Iko wa kwetu."

Simu zilikuwa nyingi mno, kisanduku kikazidiwa. Picha ikaganda pale pale, Yanonge nzima imebaki na Solange anayecheka, na katika kazi yangu yote hiyo ndiyo mara pekee ambayo mtandao ulikwama na hakuna aliyeniita kuutengeneza.